Karantini kwa Wasafiri Wanaoingia na Kutoka Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa madereva wa Malaba na Busia, wafanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, wanaofuata mzigo Dubai, wazazi wenye watoto kyeyo (kazi za ng'ambo), na watu wa mipakani ambao shangazi yuko upande huu na shamba liko upande ule. Yalianza na Korona mwaka 2020, yakarudi na Ebola mwaka 2022 na 2025, na kila mlipuko ukitangazwa huulizwa upya kana kwamba ni mara ya kwanza.

Majibu yanaeleza jinsi karantini inavyofanya kazi na jinsi ilivyotekelezwa Uganda. Masharti ya wiki hii au ya mwezi huu hutangazwa na Wizara ya Afya, nayo hubadilika upesi. Kabla ya kufunga safari piga namba ya bure ya wizara, 0800 100 066.

## Mambo ya msingi

1. Karantini ni nini? Si ndiyo kulazwa?

Hapana. Karantini ni ya mtu asiyeumwa ambaye huenda amekutana na ugonjwa. Anayeumwa, au aliyepimwa akakutwa na virusi, hawekwi karantini bali hutengwa: anapelekwa kwenye kituo cha matibabu, anahudumiwa na madaktari, na kutoka kwake kunategemea kupona.

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na vurugu nyingi za 2020 zilianzia hapo. Jamaa alisikia ndugu yake "amechukuliwa karantini" akaanza kuandaa matanga. Vilevile kuna aliyesema "mimi siumwi, kwa nini niwekwe karantini?" Kutoumwa ndiyo sababu yenyewe ya kuwa karantini. Ungekuwa unaumwa ungepelekwa hospitali.

2. Nimepimwa, majibu yanaonyesha sina virusi. Mbona bado wananizuia?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linaloleta hasira kuliko yote. Jibu lake ni kwamba kipimo kinaeleza hali ya siku uliyochukuliwa sampuli. Virusi vikiingia mwilini hukaa kimya siku kadhaa kabla ya kuwa vingi kiasi cha kuonekana kwenye kipimo. Ukiambukizwa ndani ya ndege Jumatatu na kupimwa Entebbe usiku huohuo, majibu yatatoka safi, nawe utapanda taksi kwenda Masaka ukiwa na karatasi ya kweli na virusi vya kweli pia.

Ndiyo maana kipimo cha mwanzo hakifuti karantini. Kinachoweza kuifupisha, nchi ikiamua hivyo, ni kipimo kinachochukuliwa baada ya siku kadhaa. Ukiambiwa unapimwa tena siku ya saba au ya kumi, usione kama unachezewa.

3. Kwa nini Korona ilikuwa siku 14 na Ebola ni 21? Nani aliamua?

Siku hufuata ugonjwa. Virusi vya Korona ya 2020 hukaa mwilini kati ya siku 2 na 14 kabla ya dalili, wengi wakianza kuumwa karibu na siku ya tano. Ebola na Marburg ni siku 2 hadi 21. Mpox nayo hufika hadi 21. Homa ya manjano ni fupi: kanuni za kimataifa zinahesabu siku 6 tu.

Kwa hiyo afisa wa mpakani hajipangii siku, na hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza kwa kuwa hakupenda ulivyomjibu. Ukizuiwa, swali la kwanza la kuuliza ni: "Nazuiwa kwa ugonjwa gani?" Ukishajua ugonjwa, unajua idadi ya siku. Asiyeweza kukutajia ugonjwa, mwombe umwone afisa wa afya aliye juu yake.

4. Siku zinahesabiwa kuanzia lini?

Kuanzia siku ya mwisho uliyokuwa karibu na hatari. Kwa msafiri huwa ni siku aliyotua au kuvuka mpaka, kwa sababu hadi hapo alikuwa bado ndani ya chombo na wenzake. Kwa aliyekutana na mgonjwa anayejulikana, ni siku ya mwisho ya kukutana naye, hata kama aligundulika baada ya wiki nzima.

Angalia jambo hili: siku ya kujulikana siyo inayohesabiwa. Ikiwa ulimhudumia mgonjwa wa Ebola tarehe 1 na wahudumu wakakupata tarehe 8, siku saba zimekwisha kupita na zimebaki 14. Wapo waliokaa zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu hakuna aliyeuliza tarehe. Iandike, na uhakikishe imeandikwa kwenye fomu yako.

5. Nikiingia Uganda bila mlipuko wowote uliotangazwa, nitawekwa karantini?

Hapana. Masharti ya Korona ya vipimo na karantini uwanjani yaliondolewa, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Korona si dharura ya kimataifa tena. Kinachobaki muda wote ni kadi ya homa ya manjano (swali la 10).

## Kufika Entebbe

6. Ilikuwaje hasa mwaka 2020? Nasikia watu walikamatwa uwanjani.

Mwanzoni mwa Machi 2020 serikali ilitoa orodha ya nchi 16 zilizokuwa na wagonjwa wengi, zikiwemo China, Italia, Iran, Uingereza na Marekani. Aliyetoka huko alitakiwa kujitenga siku 14 kwa gharama yake. Tarehe 21 Machi ndipo alipopatikana mgonjwa wa kwanza, Mganda aliyekuwa amekwenda Dubai kwa biashara siku nne kabla. Dubai haikuwemo kwenye orodha. Aligunduliwa kwa sababu joto lake lilikuwa juu alipopimwa Entebbe alfajiri ile, wala si kwa sababu ya nchi aliyotoka.

Hapo ndipo orodha za nchi zilipoonyesha udhaifu wake, maana mfanyabiashara hukaa hoteli moja na watu wa mataifa kumi. Siku chache tu uwanja ukafungwa kwa abiria, ikabaki mizigo. Waliokuwa wametua siku zile walipelekwa kwenye hoteli za Entebbe na kwingineko kwa siku 14, wengine bila nguo za kubadilisha. Waliofika kabla ya hapo walitafutwa majumbani, wenyeviti wa LC1 (serikali ya kijiji au mtaa) wakiulizwa nani amerudi kutoka ng'ambo.

Abiria waliruhusiwa tena kuanzia tarehe 1 Oktoba 2020, safari hii kwa kipimo badala ya karantini ya wote.

7. Mimi sikutoka nchi yenye ugonjwa. Nilibadilisha ndege tu.

Hata hivyo utaulizwa. Kwa magonjwa ya hewani, saa chache kwenye ukumbi uliojaa watu ni kukutana na hatari. Kwa Ebola mambo ni tofauti, kwa kuwa haiambukizi kwa kukaa ukumbi mmoja na mtu (swali la 17). Taja vituo vyako vyote unapojaza fomu. Tiketi yako inaonyesha ulipopita, na anayekutwa ameficha kituo hutiliwa shaka hata kwa yale aliyosema kweli.

8. Kipimo cha kabla ya safari: saa 72 zinahesabiwa kuanzia wapi?

Kuanzia wakati wa kuchukuliwa sampuli. Wapo walioachwa na ndege kwa kuhesabu tangu walipopokea majibu. Uganda ilipofungua anga mwaka 2020 ilitaka kipimo cha PCR cha ndani ya saa 72, na muda huo ukaja kubadilishwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyesafiri mwezi uliopita hautoshi.

Kosa jingine la mara kwa mara ni jina. Jina kwenye cheti cha kipimo lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti ina majina matatu na cheti kina mawili, rekebisha maabara kabla hujatoka mjini.

9. Na kile kipimo cha kufikia uwanjani? Ni kweli kililipiwa?

Ndiyo. Kuanzia tarehe 3 Septemba 2021 kila aliyetua Entebbe alipimwa, isipokuwa wafanyakazi wa ndege na watoto wadogo, hata kama alikuja na cheti. Bei ilianza dola 65. Mwanzoni abiria walipakiwa kwenye mabasi wakapelekwa kusubiri nje ya uwanja, na malalamiko yakawa mengi: familia ya watu watano, ndege imetua usiku, na mkononi hamna dola. Mwishoni mwa Oktoba upimaji ukahamia uwanjani na bei ikashuka hadi dola 30. Februari 2022 ukasitishwa.

Kwa maoni yangu dola 65 haikuwa bei ya afya. Aliyetoka kyeyo na mkataba uliovunjika hakuwa nayo, na sheria inayomshinda mtu mfukoni humfundisha kutafuta njia ya pembeni.

10. Kadi ya manjano ni ya nini, na yangu ya zamani bado inafaa?

Ni uthibitisho wa chanjo ya homa ya manjano, na Uganda huidai kwa anayeingia. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha yote, hata kama kadi yako iliandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10. Huna haja ya kuchanjwa tena, wala hakuna haja ya mtu kubadilisha tarehe kwa kalamu. Ila kadi mpya huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Ukichanjwa leo usafiri kesho, kwa sheria ni sawa na asiyechanjwa.

Asiye na kadi akitoka eneo lenye ugonjwa, kanuni za kimataifa zinaruhusu azuiwe hadi siku 6. Uganda ina historia ndefu na ugonjwa huu: taasisi ya Entebbe inayoitwa leo UVRI (Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda) ilianzishwa mwaka 1936 kuutafiti, na ni katika utafiti huohuo kirusi cha Zika kilipogunduliwa mwaka 1947 msituni karibu na Entebbe.

Kununua kadi bila kuchanjwa ni upuuzi wa aina mbili. Ni kosa la jinai, na mbu haombi kadi.

11. Ndege inatua usiku wa manane na kuna kafyu. Nitalala uwanjani?

Wakati wa Korona msafiri aliyekuwa na tiketi na karatasi ya kupandia ndege aliruhusiwa kupita kwenye vizuizi usiku, pamoja na dereva wake. Usiitupe karatasi ile hadi ufike nyumbani.

## Gharama na haki

12. Nani analipa karantini?

Chukua kiti, jibu ni refu kidogo.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ambazo Uganda imeziridhia, zinasema kwenye kifungu cha 40 kwamba msafiri asitozwe kwa uchunguzi wa afya wala kwa kuwekwa karantini. Zinamwacha nje anayekuja kutafuta ukaazi, wa muda au wa kudumu. Serikali inaweza kudai fedha zake kwenye bima, au kwa kampuni ya usafiri kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni hiyo. Hiyo ndiyo sheria kwenye karatasi.

Hali halisi ya Machi 2020 ilikuwa nyingine. Abiria waliotua Entebbe waliambiwa wajilipie hoteli, na bei iliyotajwa ilifika dola 100 kwa usiku. Zidisha kwa 14. Watu waligoma kwenye sebule ya hoteli, wakalala kwenye viti wakiwa wamechanganyika, jambo ambalo ndilo hasa karantini inalotakiwa kuzuia. Uganda haikuwa peke yake: nchi nyingi, tajiri na maskini, ziliwatoza wasafiri.

Kwa hiyo ufanyeje? Kwanza, uliza kama kuna kituo cha serikali kisicholipiwa. Mara nyingi hoteli hutajwa kwanza na kituo hutajwa ukiuliza. Pili, ukichagua hoteli, taka bei kwa maandishi kabla ya kupokea ufunguo, na uulize kama chakula kimo. Tatu, soma bima yako ya safari. Nyingine zinagharamia karantini iliyoamriwa na serikali lakini zinataka amri yenyewe kwa maandishi. Nne, tunza kila risiti, kwa sababu bila risiti hakuna dai mbele ya bima wala mwajiri. Na kama huna pesa kabisa, sema wazi siku ya kwanza. Anayenyamaza hadi siku ya 14 hujikuta anadaiwa na hoteli, na hoteli inaweza kung'ang'ania pasipoti yake. Hilo halikubaliki: ripoti kwa afisa wa afya au ubalozi wako, maana pasipoti si mali ya hoteli.

13. Nikiwa ndani nina haki gani?

Kifungu cha 32 cha kanuni hizohizo kinataja chakula na maji ya kutosha, malazi, matibabu, ulinzi wa mizigo, na kuheshimiwa kwa jinsia, mila na dini yako. Aliyefunga Ramadhani anaweza kuomba daku. Mwanamke anaweza kukataa kuwekwa chumba kimoja na wanaume asiowajua. Una haki ya kuwasiliana na watu wako, kwa hiyo kunyang'anywa simu si sehemu ya karantini.

Kuna haki moja ambayo wachache huidai: kuelezwa mambo kwa lugha unayoielewa, inapowezekana. Dereva kutoka Mombasa au mama kutoka Goma aliyepewa fomu ya Kiingereza aombe wa kumsomea kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na mpakani hakosekani anayekijua.

14. Tuliwekwa wawili chumba kimoja, mwenzangu amekutwa na virusi siku ya 12. Natoka lini?

Kwa bahati mbaya hesabu inaanza upya tangu siku mlipotenganishwa (sababu iko swali la 4). Ndiyo maana chumba cha peke yako, hata kibovu, ni bora kuliko kizuri cha wawili. Mkilazimika kuchangia, kaeni mbali, vaeni barakoa, fungueni madirisha, na msile sahani moja hata kama ni ndugu. Familia iliyosafiri pamoja huhesabiwa kama kundi.

15. Nikitoroka itakuwaje? Na nikiambiwa nitoe kitu kidogo niachiwe mapema?

Sheria ya Afya ya Umma inafanya kukaidi karantini kuwa kosa, na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2020 zilifanya hivyo kwa Korona. Juu yake kuna sheria ya makosa ya jinai, ambayo humhukumu hadi miaka 7 anayefanya jambo analojua linaweza kueneza ugonjwa wa kuua. Kifungu hicho kilitumika sana mwaka 2020, wakati mwingine dhidi ya watu wasiohusika na ugonjwa wowote, nacho si cha mchezo.

Kuhusu kitu kidogo: ukitoa, umefanya kosa jingine, na jina lako limebaki kwenye daftari la watu wasiojulikana walipo. Mgonjwa akipatikana kwenye kundi lenu, wa kwanza kutafutwa kijijini na gari la polisi ni wewe.

## Mpakani: madereva na watu wa pande mbili

16. Mimi ni dereva wa lori. Sheria hizi zinanihusu?

Zinakuhusu kwa namna ya peke yake, kwa sababu nchi isiyo na bandari haiwezi kukufungia nje. Uganda ilipofunga mipaka Machi 2020, malori yalibaki yakipita. Ungemweka kila dereva siku 14, Kampala ingekosa mafuta na chumvi ndani ya wiki.

Kilichofanyika ni kupima. Mwanzoni dereva alitoa sampuli Malaba, Busia, Mutukula au Elegu akaendelea na safari, kisha majibu yakimkuta ana virusi akasakwa barabarani kuanzia Tororo hadi Gulu. Mei 2020 ikaamriwa asubiri majibu mpakani. Foleni ikarefuka makumi ya kilomita upande wa Kenya, watu wakipika chini ya tela siku baada ya siku. Waliokutwa na virusi na si raia walirudishwa kwao, na Uganda ikawatoa kwenye hesabu yake ya wagonjwa. Madereva walikatazwa pia kulala majumbani na kwenye loji, wakapangiwa vituo vya kusimama.

Lililoumiza zaidi ni jina. Kwa miezi kadhaa kila taarifa ya jioni ilitaja "madereva wa malori", na kwenye vituo walivyovizoea wakakataliwa hata maji ya kuoga. Lakini walionekana wengi kwa sababu ndio waliopimwa wote, wakati wananchi wa kawaida walikuwa wakipimwa kwa sampuli chache.

Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta cheti cha dereva cha siku 14 kilichotambuliwa na nchi wanachama, na mambo yakapungua makali. Kisha Januari 2022 Uganda ikataka dola 30 kwa kila anayeingia. Madereva waligoma Malaba na Busia, mafuta yakaadimika Kampala na bei ikapaa, hadi ada ile ikaondolewa kwao. Funzo kwa dereva ni dogo na la kazi: cheti cha chanjo na cha kipimo vikae pamoja na karatasi za forodha, na utingo awe na vyake. Lori limezuiwa mara nyingi kwa sababu ya utingo.

Je, kufungwa kwa mpaka wa Katuna upande wa Rwanda kulikuwa karantini? Hapana, ile ilikuwa siasa: ilifungwa Februari 2019, kabla ya Korona, ikafunguliwa mwishoni mwa Januari 2022.

Mama yangu anaishi ng'ambo ya mpaka, mita mia tatu tu. Lazima nipite kituoni?

(Swali hili halina namba kwa kuwa huulizwa kwa kunong'ona.) Ndiyo, lazima. Njia za panya zinajulikana na kila mtu, hata na askari. Juni 2019 familia iliyotoka mazishini Congo ilivuka kuingia Kasese kwa njia isiyo rasmi, wakiwa na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa na Ebola. Watu watatu wa familia hiyo walithibitishwa kuugua. Uganda iliponea chupuchupu kwa sababu wahudumu walikuwa wamejiandaa na familia iliwahishwa hospitali. Anayepita kituoni akapimwa joto hupoteza dakika chache. Anayepita mtoni akaumwa huwaacha watu wake bila wa kuwafuatilia.

## Ebola na safari

17. Kukiwa na Ebola Uganda, uwanja unafungwa?

Haukufungwa mwaka 2022 wala 2025. Mwaka 2022 mlipuko ulitangazwa tarehe 20 Septemba ukianzia Mubende, ukaisha tarehe 11 Januari 2023 baada ya wagonjwa 142 waliothibitishwa na vifo 55 miongoni mwao. Wa 2025 ulitangazwa Kampala tarehe 30 Januari, ukaisha Aprili. Shirika la Afya Duniani halikushauri kufunga safari.

Sababu ni kwamba Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mtu mwenye dalili au wa maiti. Asiye na dalili haambukizi. Kwa hiyo nguvu huelekezwa kwa waliogusana na mgonjwa, nao hufuatiliwa siku 21, na wanaotoka nchini hupimwa joto uwanjani. Ikiwa jina lako limo kwenye orodha ya wanaofuatiliwa, hutaruhusiwa kusafiri hadi siku ziishe, hata kama tiketi ni ya kesho na hairudishwi.

18. Nilikuwa Mubende wilaya ilipofungwa. Je, ile ilikuwa karantini?

Ilikuwa kuzuia watu kutoka na kuingia. Mubende na Kassanda zilifungwa tarehe 15 Oktoba 2022 kwa siku 21, zikaongezwa baadaye. Aliyekuwa ndani hakuchukuliwa kuwa amekutana na mgonjwa, lakini hakuweza kusafiri. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Mwajiri au chuo ng'ambo wakitaka uthibitisho wa kuchelewa, tangazo la serikali linatosha, wachapishie.

19. Nchi ninayoenda itanifanyaje nikitoka Uganda?

Kila nchi ina yake. Oktoba 2022 Marekani iliamuru waliopita Uganda ndani ya siku 21 watue kwenye viwanja vitano tu, kikiwemo JFK cha New York na O'Hare cha Chicago, wapimwe joto na kuacha anwani. Wakati wa Korona Falme za Kiarabu zilidai kipimo cha pili cha haraka palepale uwanjani saa chache kabla ya kuruka, na wengi wa kyeyo walirudishwa nyumbani wakiwa wamekwisha kulipa wakala. Uliza ubalozi, kisha uliza shirika la ndege, na ukisikia majibu mawili tofauti fuata la shirika la ndege, kwa kuwa ndilo litakalokuruhusu au kukuzuia kupanda.

## Hali zisizo za kawaida

20. Wakimbizi nao huwekwa karantini?

Ndiyo, lakini karantini haifuti haki ya kuingia. Mipaka ilifungwa hata kwao Machi 2020, kisha mwanzoni mwa Julai serikali ikafungua vivuko viwili huko Zombo, mpakani na Congo, kwa siku chache, wakaingia Wakongomani zaidi ya 3,000 waliokimbia mapigano Ituri. Waliwekwa karantini kwanza, wakapelekwa kwenye makazi baadaye.

21. Ninasafiri na mtoto mchanga, au nina mimba ya miezi minane.

Mtoto hatenganishwi na mzazi kwa sababu ya karantini tu. Mjamzito aseme mapema, aandikiwe kliniki iliyo karibu na kituo, na uchungu ukianza anapelekwa hospitali. Wahudumu huvaa mavazi ya kujikinga na kazi huendelea. Anayetumia dawa za kila siku, za kisukari, presha au ARV, abebe za mwezi mzima kwenye mkoba wa mkononi. Dawa zilizo kwenye begi kubwa zinaweza kuchukua siku mbili kukufikia.

22. Nimekataa kuchomwa sindano au kupimwa. Wanaweza kunilazimisha?

Kwa kawaida msafiri hapimwi wala kuchanjwa bila ridhaa yake. Lakini ukikataa, nchi inaweza kukuzuia kuingia, na ikiwepo hatari ya wazi inaweza kukuweka karantini hata hupendi. Raia hawezi kukataliwa kuingia kwao, kwa hiyo kwake inabaki karantini.

23. Nimemaliza siku zote, lakini mwenye nyumba hataki nirudi.

Hutokea, hasa Kampala kwenye nyumba za kupanga zenye choo kimoja. Usitoke karantini bila barua yenye jina lako, tarehe ya kuingia na kutoka, na muhuri wa afisa wa afya. Usiende nayo moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Anza kwa mwenyekiti wa LC1 pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, waisome, kisha mwende wote watatu. Mwenye nyumba akisikia kwa mwenyekiti mbele ya majirani, mara nyingi husalimu amri. Akikataa bado, mwombe mwenyekiti awasuluhishe, na kodi uliyolipa ya mwezi huo inabaki kuwa yako. Tengeneza nakala mbili za ile barua, maana wa pili kuitaka atakuwa mwajiri.